WASIFU WA MWOMBAJI KAZI: KILA MSTARI UWE NA HATI YAKE

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika

Kila mwaka, kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, vyama vyetu vya msingi hutangaza nafasi za kazi. Hutakiwa makarani wa mizani, watunza ghala, wahasibu wasaidizi, na mara nyingine meneja wa chama. Maombi huja kwa wingi. Katibu huyafungua, huyapanga na kuyafikisha mbele ya Bodi. Hapo ndipo taabu huanza, kwani katika rundo zima ni machache tu yanayoiambia Bodi jambo inalohitaji kulijua: mtu huyu amefanya kazi gani, kwa kiasi gani, na ni nani awezaye kuithibitisha.

Madhara ya jambo hili huwafika wanachama wote. Karani wa mizani ndiye anayepokea jasho la mkulima la mwaka mzima. Mtunza ghala hushika ufunguo wa mali isiyokuwa yake. Ikiwa chama kitamkosa mtu hodari kwa sababu karatasi yake haikumsema, na kikamwajiri mwingine kwa sababu karatasi yake ilipigwa chapa vizuri, hasara itakayotokea mwisho wa msimu haitamwangukia mwajiriwa peke yake. Itaonekana katika malipo ya kila mwanachama.

Makala hii basi imekusudiwa kwa watu wa pande mbili. Upande wa kwanza ni mwanachama, au mtoto wa mwanachama, anayetafuta kazi katika chama, katika Chama Kikuu au kwingineko. Upande wa pili ni katibu na wajumbe wa Bodi ambao hupokea maombi na kuyapima.

WASIFU NI NINI

Katika matangazo ya kazi, maandishi haya huitwa maelezo binafsi, na vijana wengi huyaita sivii. Hapa tutayaita wasifu. Wasifu ni muhtasari uliopangwa wa kazi, elimu na ujuzi wa mwombaji. Lengo lake ni moja: kumwezesha msomaji kuamua kama mwombaji aitwe kwenye usaili. Wasifu peke yake haumpi mtu kazi. Humfikisha mbele ya wale watakaompa.

Hapana budi kutofautisha karatasi tatu ambazo huchanganywa mara kwa mara. Barua ya maombi husema ni kazi gani inaombwa na kwa nini mwombaji anaifaa. Ukurasa mmoja watosha. Wasifu husema mwombaji amefanya nini na amesoma nini. Vyeti huthibitisha. Barua inayorudia wasifu wote humchosha msomaji, na wasifu unaosimulia maisha ya mtu tangu kuzaliwa humpoteza.

Wasomaji wa gazeti hili wanaijua methali isemayo kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi nayo ni mali. Mtu aliyefanya kazi misimu mitano pasipo kuiweka katika maandishi huwa kama chama kilichouza mazao bila kuandika. Huenda ukweli upo, lakini hakuna awezaye kuuona.

Yafaa pia tujifunze kutokana na ukaguzi wenyewe. Mkaguzi afikapo chamani haridhiki na maneno matupu, hudai hati. Malipo yaliyoandikwa katika daftari la fedha bila hati ya malipo hubaki kuwa hoja ya ukaguzi mpaka yatolewe maelezo. Hivyo ndivyo wasifu upasavyo kuandikwa na kusomwa. Kila mstari uwe ni jambo ambalo mwombaji, akiulizwa, anaweza kulionyeshea cheti, daftari, barua au shahidi.

ANZA NA TANGAZO

Waombaji wengi huandika wasifu mmoja na kuupeleka popote. Wengine huenda steshenari, ambako mpiga chapa ana mfano wake katika kompyuta. Hubadilisha jina na namba ya simu, akachapa. Ndiyo maana Bodi hupokea wasifu kumi wenye malengo yale yale, sifa zile zile, na hata mapendeleo yale yale ya kusoma vitabu na kutazama mpira. Wasifu wa namna hiyo haumtofautishi mtu na jirani yake.

Lililo bora ni kulisoma tangazo kwanza, kalamu mkononi. Gawa karatasi sehemu mbili kwa mstari. Kushoto andika kila sharti la tangazo. Kulia andika jambo ulilolifanya linalojibu sharti hilo. Tuseme chama kinatafuta mtunza ghala aliyemaliza kidato cha nne, anayejua kutunza daftari la ghala, aliyewahi kupokea na kutoa mazao, na anayeweza kutumia kompyuta kwa ajili ya mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Masharti ni manne. Ikiwa upande wa kulia una majibu matatu, wasifu wako utajengwa juu ya hayo matatu, nawe utajua mapema ni swali gani litakalokusumbua katika usaili. Ikiwa upande wa kulia hauna lolote, kazi ile si yako kwa sasa, na nauli yako itunze.

SEHEMU ZA WASIFU

Wasifu wa mwombaji wa kawaida utoshe katika kurasa mbili. Mpangilio ufuatao umezoeleka na hausumbui:

(a) Jina na anwani. Andika majina kama yalivyo katika vyeti, kwa mpangilio ule ule. Ikiwa cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho cha Taifa havikubaliani majina, shughulikia hati ya kiapo au ya kubadili jina kabla ya kuomba kazi. Wako watu ambao wamezuiliwa mlangoni siku ya usaili kwa sababu hiyo tu. Weka namba ya simu ambayo hupatikana. Kama kijijini mtandao ni wa shida, ongeza namba ya ndugu wa karibu, na umwarifu kwamba huenda akapigiwa.

(b) Muhtasari wa mistari miwili au mitatu. Kwa mfano: "Karani wa mizani mwenye uzoefu wa misimu mitatu ya korosho, ninajua kutunza daftari la ghala na kuingiza taarifa katika kompyuta, naomba nafasi ya mtunza ghala." Msomaji aliyechoka akisoma hapa tu, awe ameshamjua mwombaji.

(c) Kazi zilizofanywa. Anza na ya karibuni, rudi nyuma. Kila kazi iwe na cheo, jina la mwajiri, mahali, mwezi na mwaka wa kuanza na wa kumaliza, kisha mambo matatu au manne yaliyotendwa.

(d) Elimu na mafunzo. Nayo ianze na ya karibuni: jina la shule au chuo, miaka, na cheti kilichopatikana. Mafunzo mafupi ya ushirika, ya utunzaji wa ghala au ya hesabu yatajwe pamoja na idadi ya siku na aliyeyaendesha.

(e) Ujuzi mwingine unaohusika na kazi, kama vile kompyuta, leseni ya udereva na lugha.

(f) Wadhamini, ambao tutawazungumzia baadaye.

Kijana aliyetoka chuoni juzi na ambaye hana kazi za kutaja aweza kutanguliza elimu. Mtu aliyekwisha fanya kazi atangulize kazi.

KUIELEZA KAZI KWA KIPIMO

Hapa ndipo wasifu mwingi hushindwa. Tuangalie maelezo ya mwombaji wa mfano, ambaye amekuwa karani wa mizani kwa misimu mitatu:

"Nimewahi kufanya kazi katika chama cha ushirika. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninajituma, na naweza kufanya kazi bila kusimamiwa."

Maelezo haya hayana kosa la lugha. Kosa lake ni kwamba aweza kuyaandika mtu yeyote, hata yule ambaye hajawahi kuugusa mzani. Bodi haiwezi kuupima uaminifu kwa kuambiwa kwamba upo. Tena asiye mwaminifu ndiye atakayeutaja kwa herufi kubwa. Sasa tutazame kazi ile ile ikiwa imeandikwa kwa njia nyingine:

"Karani wa mizani, chama cha msingi (jina la chama na wilaya), misimu 3 ya korosho, Oktoba 2021 hadi Januari 2024.
1. Nilipima na kupokea kilo 412,600 kutoka kwa wakulima 286, na kuandika stakabadhi ya kila mkulima.
2. Kila jioni nililinganisha jumla ya stakabadhi na daftari la ghala pamoja na mtunza ghala.
3. Mazao yalifikishwa ghala kuu kwa safari 27. Upungufu wa misimu yote mitatu ulikuwa kilo 1,240. Ulitolewa maelezo kwa maandishi na kukubaliwa na Bodi.
4. Katika msimu wa 2023/24 nilimfundisha kazi karani mmoja mpya."

Mtu ni yule yule, na hakujisifu hata mara moja. Lakini sasa Bodi inajua ukubwa wa kazi aliyoimudu, utaratibu wake wa kila siku, na namna alivyosimamia upungufu. Zaidi ya hayo, kila mstari una hati yake: wa kwanza upo katika vitabu vya stakabadhi, wa pili katika daftari la ghala, wa tatu katika hati za mapokezi za ghala kuu na muhtasari wa kikao cha Bodi, na wa nne anaweza kuusema karani aliyefundishwa.

Huenda mtu akauliza kama si hatari kutaja upungufu. Kila aliyefanya kazi ya ghala anajua kwamba korosho hukauka, na kwamba magunia hutoboka njiani. Mtunza ghala anayedai kwamba hajawahi kupungukiwa hata kilo moja katika misimu mitatu huzua maswali mengi kuliko yule anayeutaja upungufu na kueleza ulivyotokea.

Vitendo vinavyoanza sentensi vichaguliwe kwa uangalifu. Maneno "nilihusika na" au "nilishiriki katika" huficha zaidi kuliko yanavyofunua. Sema nilipima, nilipokea, niliandika, nililinganisha, nilikabidhi. Kadhalika, usichukue sifa ya kazi ya mwenzako. Ikiwa mhasibu ndiye aliyetayarisha mizania nawe ukamletea takwimu, andika kwamba ulimsaidia mhasibu kukusanya takwimu za mizania. Swali moja tu la usaili hutosha kutenganisha mambo hayo mawili.

Pale ambapo huna hesabu kamili, taja mara ngapi, kwa muda gani, au kwa ukubwa gani: niliandika daftari la fedha kila siku kwa miezi 14, nilitunza daftari la wanachama 340. Lakini usitoe siri za chama ulichotoka. Salio la benki la mwajiri wa zamani na majina ya wadaiwa wake si mambo ya kuandikwa katika wasifu, na Bodi ikiyaona itajiuliza kesho utaandika nini juu yake.

KAZI ISIYO NA MSHAHARA

Wako watu wengi vijijini ambao husema hawajawahi kufanya kazi yoyote, kumbe wamefanya. Mama aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa kwa miaka minne, akakusanya hisa kila wiki, akaandika daftari, na kugawa fedha mwisho wa mwaka bila malalamiko, amefanya kazi ya utunzaji wa fedha. Kijana aliyeandika mahudhurio ya mkutano mkuu, au aliyekuwa katibu wa kamati ya maji ya kijiji, amefanya kazi ya ofisi. Mwanachama aliyechaguliwa na wenzake kuwa mjumbe wa Kamati ya Usimamizi amefanya kazi ya kukagua.

Mambo haya yaandikwe kwa utaratibu ule ule wa cheo, mahali, tarehe na kipimo, na ibainishwe kwamba yalikuwa ya kujitolea. Hutolewa ushahidi wake na uongozi wa kikundi au wa kijiji. Methali husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hayo ni kweli sokoni, ambako mnunuzi huiona bidhaa kwa macho. Lakini mezani kwa Bodi bidhaa haionekani; huonekana karatasi tu, na kwa hiyo kizuri kisipoandikwa hakina wa kukinunua.

Vilevile isionekane aibu kueleza miaka ambayo mtu hakuajiriwa. "2019 hadi 2021: kilimo cha familia, ekari 3 za mahindi na ufuta" ni maelezo kamili. Pengo lisiloelezwa humfanya msomaji alijaze kwa dhana zake mwenyewe.

YASIYOPASA KUWEMO

Wasifu hauhitaji kutaja dini, kabila, chama cha siasa, hali ya ndoa, wala idadi ya watoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, hukataza ubaguzi kazini kwa misingi ya aina hiyo, na ulinzi huo humhusu pia mtu anayeomba kazi. Mwombaji asijitolee habari ambazo mwajiri haruhusiwi kuzitumia, na katibu asizidai katika tangazo. Umri ni jambo la kuangaliwa mahali pake, kwa kuwa matangazo mengine huweka kikomo. Basi utajwe pale unapotakiwa.

Mshahara wa zamani, sababu ndefu za kuacha kazi, na lawama juu ya mwajiri aliyepita pia viachwe. Ikiwa uliachishwa kazi, tarehe zako ziwe za kweli, na ujiandae kulieleza jambo hilo kwa ufupi katika usaili. Kuliondoa jina la chama kile ili kificho kisionekane ni kazi bure, kwa sababu ulimwengu wa ushirika ni mdogo, na makatibu hufahamiana.

JUU YA VYETI NA UDANGANYIFU

Njia ya mwongo ni fupi, ijapokuwa kwa baadhi ya watu huchukua miaka mingi kufika mwisho. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Taarifa ile ilitaja watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi, nao waliondolewa kazini. Miongoni mwa watu wengi namna ile walikuwamo waliokwisha zoea kazi zao na wenye familia zilizowategemea. Kughushi hati ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kuitumia hati ya kughushi huku ukijua kwamba si halali ni kosa vilevile.

Lakini udanganyifu unaotusumbua zaidi katika vyama ni ule mdogo mdogo: semina ya siku tatu kuitwa stashahada, karani kujiita mhasibu, msimu mmoja kuandikwa kuwa mitatu. Katibu makini huyagundua mengi ya haya kwa kutazama tarehe na majina. Chukueni mfano wa chuo chetu cha Moshi. Kilianzishwa mwaka 1963 kikiwa Chuo cha Ushirika. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki cha ushirika na biashara chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Basi mwombaji anayedai kupata shahada ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi mwaka 1998 aulizwe vizuri. Huenda ameandika jina jipya la chuo kwa nia njema, lakini shahada nayo inahitaji maelezo. Kwa upande wake, mwombaji aandike jina la chuo kama lilivyo katika cheti chake.

Nakala za vyeti ziwe zile zilizothibitishwa na wakili au mamlaka nyingine inayoruhusiwa, na vyeti halisi vipelekwe siku ya usaili. Katika matangazo mengi ya Serikali karatasi za matokeo hazipokelewi badala ya cheti. Aliyepoteza cheti cha mtihani wa Taifa aanze mapema kulifuatilia jambo hilo Baraza la Mitihani la Tanzania, maana halimalizwi kwa siku moja.

WADHAMINI

Matangazo mengi hutaka wadhamini watatu. Mdhamini mwema si lazima awe mtu mkubwa. Mheshimiwa ambaye hakuwahi kukuona ukifanya kazi hataweza kujibu swali la pili atakaloulizwa. Mtunza ghala mliyefunga naye hesabu kila jioni, mwalimu aliyekufundisha hesabu, au mwenyekiti wa chama ulichokitumikia, watasema mambo yenye uzito. Muombe kila mmoja ruhusa kabla ya kuliandika jina lake, mpe nakala ya wasifu wako, na umweleze ni kazi gani unayoiomba. Ni aibu kwa mdhamini kupigiwa simu na Bodi akaanza kuuliza, "Huyo ni nani?"

UMBO NA LUGHA

Tumia karatasi nyeupe, herufi za kawaida zinazosomeka, na nafasi ya kutosha pembeni. Rangi, maua na mistari ya mapambo haviongezi chochote. Andika kwa lugha iliyotumika katika tangazo, na usichanganye mbili katika ukurasa mmoja. Mpe mtu mwingine ausome kabla hujautuma. Macho ya mwandishi hayaoni makosa yake. Kama unatuma kwa barua pepe, faili liwe la PDF na libebe jina lako, ili katibu asipokee mafaili ishirini yote yakiitwa "wasifu". Kama umechapisha steshenari, hakikisha kwamba jina, simu na wadhamini ni wako, na kwamba hayakusahauliwa humo ya mteja aliyekutangulia.

KWA NDUGU MAKATIBU

Ndugu Katibu, wasifu bora huanzia kwenye tangazo bora. Ukiandika tu kwamba "anatakiwa mtu mwaminifu na mchapakazi," usishangae kuletewa sifa hizo hizo. Orodhesha kazi atakazozifanya mwajiriwa, madaftari atakayoyatunza, na ujuzi usioweza kukosekana.

Kabla bahasha hazijafunguliwa, Bodi ikubaliane juu ya karatasi moja ya alama: alama ngapi za elimu, ngapi za uzoefu uliothibitishwa, ngapi za ujuzi. Kila ombi lipimwe kwa karatasi hiyo, na karatasi zihifadhiwe pamoja na muhtasari wa kikao. Mjumbe ambaye ndugu yake ameomba kazi atamke hivyo, na asiwemo katika kupima. Mkutano mkuu ukiuliza kwa nini fulani aliajiriwa, jibu liwe katika faili.

Walioteuliwa wahakikiwe kabla ya kupewa barua ya ajira. Pigieni simu ofisi ya mwajiri wa zamani, msitegemee tu namba iliyoandikwa na mwombaji. Kwa mtunza ghala au mtunza fedha, ombeni kuiona taarifa ya makabidhiano ya mwisho. Mtu aliyekabidhi ghala vizuri anayo karatasi yenye saini za pande zote mbili, na karatasi hiyo ina nguvu kuliko kurasa tatu za sifa.

Maombi hayo ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuzitunze habari za watu na kuzitumia kwa lengo lililokusudiwa tu. Wasifu wa waombaji usizungushwe katika simu za wajumbe, wala usitumike kufungia vitumbua.

Mwisho, kuna wajibu ambao vyama vingi huusahau. Kifungu cha 44 cha Sheria ile ya Ajira ya mwaka 2004 humtaka mwajiri kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi ajira yake inapokoma. Karani aliyefanya kazi misimu mitatu akaondoka mikono mitupu atalazimika kuomba kazi kwa maneno matupu. Mpeni cheti chake kikitaja cheo na tarehe. Si vibaya mkiongeza barua inayotaja kilo alizopima na madaftari aliyoyatunza, kwa kuwa hesabu hizo mnazo.

Na wewe ndugu mwanachama, usingoje tangazo. Nunua daftari la kurasa chache. Kila mwisho wa msimu andika ulichokifanya, kiasi chake, uliyefanya naye, na mahali hati ilipo. Siku nafasi itakapotangazwa, siku saba za kuwasilisha maombi zitakutosha, kwa kuwa wasifu wako utakuwa umekwisha kuandikwa nusu.

Makatibu wanaombwa kuibandika makala hii kwenye ubao wa matangazo wa chama, na kuisoma katika mkutano wa wanachama kabla ya nafasi za msimu ujao kutangazwa.